Samaki Wakifa Alfajiri, Tazama Maji Kwanza

Mkulima huamka mapema, huchukua karai lake la chakula na kuteremka bwawani. Jana jioni samaki wake walikuwa wazima, wakirukia pumba kwa furaha. Leo anakuta wengine wameelea matumbo juu, na wengine wamejazana karibu na mfereji wa kuingizia maji, midomo yao ikifunguka na kufumba juu ya maji. Walio wakubwa, waliobakiza wiki chache kupelekwa sokoni, ndio waliokufa kwanza.

Jambo la kwanza linalomjia moyoni ni hili: "Mtu amenitilia sumu." Basi huanza kumtazama jirani yake kwa jicho baya. Maneno hutoka nyumba hii kwenda nyumba ile, hatimaye hufika kwa chifu, na watu waliopakana mashamba kwa miaka mingi huacha kusalimiana.

Ni kweli kwamba sumu huweza kuingia bwawani, na tutaeleza hapa namna ya kuitambua. Lakini samaki wanapokufa alfajiri, mara nyingi hakuna mtu aliyekuja usiku. Samaki wamekosa pumzi. Na chanzo chake ni mkono wa mwenye bwawa mwenyewe, uliotia chakula au samadi kupita kiasi. Kila mkulima anayefuga samaki, au anayefikiria kuchimba bwawa katika shamba lake, yampasa alifahamu jambo hili vizuri.

Ufugaji huu si jambo geni katika Kenya. Ngege, ambao wengine huwaita tilapia, walianza kufugwa katika mabwawa hapa nchini mwaka 1924, na kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948. Mwaka 2009 Serikali ilianza kuchimba mabwawa mengi ya wakulima katika sehemu mbalimbali za nchi. Kipimo chake kilikuwa mita za mraba 300, na kila bwawa lilitiwa vifaranga 1,000 vya samaki. Bwawa la namna hiyo ndilo tutakalolitumia kama mfano.

NAMNA SAMAKI ANAVYOVUTA PUMZI

Samaki huvuta pumzi kama ng'ombe na kama wewe. Tofauti ni kwamba yeye huipata hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji huingia kinywani, hupita katika mashavu yake mekundu, na hapo oksijeni huingia katika damu.

Sasa angalia hesabu. Lita 1 ya hewa tunayovuta sisi ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita 1 ya maji ya uvuguvugu huweza kubeba miligramu 7 au 8 tu. Ndiyo kusema akiba ya samaki ni ndogo sana, na akiba ndogo huisha upesi. Oksijeni ikiwa miligramu 5 au zaidi katika lita 1, ngege hula na kukua vizuri. Ikishuka chini ya 3, huacha kula na kudhoofika. Ngege ni samaki mgumu, naye huweza kuvumilia hata chini ya hapo kwa muda mfupi, lakini si kila usiku.

Kumbuka pia kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Basi wakati wa joto, samaki huhitaji pumzi zaidi, na maji huwa na pumzi kidogo.

MCHANA NA USIKU NDANI YA BWAWA

Maji mazuri ya bwawa huwa na rangi ya kijani. Rangi hiyo ni vimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho kimoja kimoja. Vimea hivi ni chakula cha ngege. Tena, jua linapowaka, hutoa oksijeni ndani ya maji, kama vile majani yote ya shambani yanavyoitoa hewani. Kwa hiyo saa tisa alasiri bwawa la kijani huwa na pumzi tele.

Jua likitua mambo hugeuka. Vimea haviwezi tena kutoa oksijeni, bali navyo huanza kuitumia. Samaki wanaitumia. Wadudu wa majini wanaitumia. Vijidudu vinavyoozesha samadi na mabaki ya chakula chini ya bwawa navyo vinaitumia. Usiku kucha wote hula katika chungu kimoja, wala hakuna anayekijaza ila upepo kidogo unaopita juu ya maji. Ndiyo sababu oksijeni huwa kidogo kabisa kabla tu ya kupambazuka, na ndiyo sababu samaki hufa alfajiri.

Vimea vikiwa vya kiasi, asubuhi hufika pumzi ikiwa bado ipo. Vimea vikizidi, maji yakawa mazito kama supu ya ndengu, akiba huisha kabla ya jua kutoka. Hatari huwa kubwa zaidi baada ya siku mbili au tatu za mawingu mazito, kwa maana hata mchana chungu hakikujazwa. Mvua kubwa ya baridi pia huweza kuyapindua maji, yale ya chini yasiyo na pumzi yakapanda juu na kuchanganyika na yale mazuri.

UCHAFU USIOONEKANA

Kuna jambo la pili. Kila samaki anayekula hutoa uchafu, na sehemu kubwa ya uchafu huo hupita katika mashavu yake ikiwa amonia. Amonia ni sumu kwa samaki, ingawa maji yaonekana masafi. Chakula kisicholiwa kikioza hutoa amonia pia.

Kwa bahati njema, wako bakteria wema wanaoishi katika tope na juu ya mawe, ambao huigeuza amonia kidogo kidogo mpaka iwe mbolea isiyodhuru sana, nayo huliwa na vimea. Lakini bakteria hawa nao huhitaji oksijeni, na kazi yao ina kipimo. Ukiwaletea uchafu wa siku mbili kwa siku moja, hawaumudu.

Wako watu wa mijini wafugao samaki wa rangi za kupendeza wa miamba ya bahari katika sanduku la kioo lenye maji ya chumvi. Mtu wa namna hiyo akiwa hodari, hukaa wiki kadhaa na sanduku lake kabla ya kutia samaki wengi, akingoja bakteria hao waongezeke. Hulisha chembe chache tu, na pampu ya umeme huyatembeza maji mchana na usiku. Bwawa la shamba halina pampu. Pampu yake ni jua na upepo, na mlinzi wake ni mkulima. Lakini sheria ni ile ile: anayemfungia samaki mahali pamoja yampasa ayatunze maji kwanza, na maji yatamtunza samaki.

HARAKA YA KUNENEPESHA

Tumchukue mkulima mwenye bwawa letu la mita za mraba 300. Samaki wake 1,000 wamefika gramu 200 kila mmoja. Uzito wao wote ni kilo 200. Samaki wa ukubwa huo huhitaji kadiri ya kilo 2 za chakula kwa kila kilo 100 za uzito wao kwa siku, yaani kilo 4. Kilo hizo azigawe mara mbili, asubuhi jua likiwa limepanda na alasiri.

Lakini karo za shule zinakaribia, naye anataka wafike gramu 300 upesi. Anatia kilo 8. Samaki wanakula kilo 4 au 5, na zilizobaki zinazama. Hakuna dalili siku ya kwanza wala ya pili. Chini ya bwawa chakula kinaoza, na uozo huo unavilisha vimea. Maji yanazidi kuwa ya kijani, naye anafurahi akidhani bwawa limestawi. Siku ya kumi mawingu yanafunga. Siku ya kumi na mbili anakuta samaki wameelea.

Hesabu hasara yake. Amepoteza samaki wa miezi sita au zaidi, na chakula alichokinunua kwa fedha taslimu ndicho kilichowaua. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Njia iliyo salama ni hii. Lisha mahali pamoja, saa zile zile, ukiwa umesimama hapo unatazama. Tupa konzi moja, ngoja iliwe, kisha nyingine. Samaki wakianza kuchelewa, acha. Chakula kilichotupwa kisipokwisha kwa dakika 10, umetia kingi. Siku ya mawingu mazito punguza nusu, na ukiwaona samaki wanatwetea juu ya maji, usiwalishe kabisa. Samaki hafi kwa kukosa chakula siku mbili, lakini kwa kukosa pumzi hufa usiku mmoja.

Kila mwezi wavue samaki 20 au 30 kwa wavu, uwapime, uwarudishe upesi, ndipo ujue uzito wao wa kweli. Bila kupima, utalisha kwa kubahatisha.

KUPIMA MAJI KWA MKONO

Si lazima kununua chombo. Adhuhuri, jua likiwaka, piga magoti ukingoni pasipovurugika. Nyosha mkono ndani ya maji, kiganja kikitazama juu, na uushushe polepole huku ukikitazama kiganja.

Kiganja kikipotea maji yanapofika karibu na kiwiko, maji ni mazuri. Endelea kama kawaida.

Kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, vimea vimezidi. Acha samadi, punguza chakula, na ikiwezekana toa maji kiasi kutoka chini na uingize mapya.

Kikionekana hata maji yamepita kiwiko, maji hayana chakula cha kutosha. Ongeza samadi kidogo.

Kipimo hiki ni cha maji ya kijani. Maji yakiwa mekundu kwa udongo ulioletwa na mvua, hayapimiki hivyo. Dawa yake ni kupanda nyasi juu ya kuta za bwawa na kuchimba mtaro wa kuyapitisha kando maji ya mvua.

Samadi isitawanywe bwawani ovyo. Jenga kizizi kidogo cha fito katika pembe moja ya bwawa, uitie humo, ili unguvu wake utoke polepole. Maji yakizidi kuwa kijani, waweza kuacha kuongeza, au kuitoa.

NI SUMU AU NI PUMZI?

Kabla ya kumtuhumu mtu yeyote, chunguza mambo yafuatayo.

Kwanza, saa. Kukosa pumzi huua alfajiri, na walio hai hupata nafuu jua linapopanda. Sumu huua saa yoyote, hata adhuhuri, wala jua haliwapi nafuu.

Pili, ukubwa. Pumzi ikikosekana, samaki wakubwa hutangulia, na wadogo huweza kupona. Sumu kwa kawaida haichagui hivyo.

Tatu, kambale. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo maji yakikosa oksijeni, ngege watakufa naye atabaki. Kambale wakifa pamoja na ngege, na vyura na wadudu wa majini pia, fikiria sumu.

Nne, maji. Maji ya kijani kizito, au yaliyogeuka ghafla rangi ya kahawia na kutoa harufu ya uozo, husema yenyewe.

Hata ikiwa ni sumu, si lazima iwe ya mtu mbaya. Maji ya josho la ng'ombe yakimwagika na kuteremka bwawani, samaki hufa. Bomba la kunyunyizia dawa likioshwa katika mfereji, samaki hufa. Pareto, ambayo wakulima wengi wa Nyandarua na Nakuru waijua, haimdhuru sana mtu, lakini kwa samaki ni sumu kali. Pengine ni mwenye bwawa mwenyewe aliyeosha bomba lake la dawa juu ya mfereji.

Ukishuku sumu, teka maji mapema katika chupa safi ya kioo, uifunge vizuri. Chukua samaki wachache wanaokufa wakati huo, uwaweke katika barafu ikiwa ipo, na umwite Afisa wa Samaki. Maji ya jana hayawezi kutoa ushahidi leo. Na samaki waliokufa kwa sababu isiyojulikana wasiuzwe wala wasiliwe. Wafukie mbali na maji.

UKIWAKUTA WANATWETEA

Usingoje. Dakika 30 zaweza kuokoa bwawa.

Fungua mfereji wa kuingizia maji, na uweke ubao au mawe ili maji yaanguke na kutawanyika, maana maji yanayoanguka huchukua hewa. Wakati huo huo toa maji ya chini, ambayo ndiyo mabaya zaidi, usitoe ya juu. Ikiwa maji ya mfereji hayatoshi, ita watu wa nyumbani na madebe. Wateke maji ya juu na kuyamwaga kutoka juu kwa nguvu, bila kuingia na kutibua tope. Mwenye pampu ya kumwagilia mboga na ayanyunyize maji ya bwawa juu ya bwawa lenyewe. Endeleeni mpaka jua limepanda na samaki wamerudi chini.

Siku hiyo usilishe. Toa samadi katika kizizi. Usitie chokaa ya kujengea ukidhani utayasafisha maji, kwa maana hiyo itawaua waliobaki. Chokaa ya shamba ina kazi yake, lakini wakati wake ni kabla ya kutia vifaranga, baada ya udongo kupimwa.

WASIZIDI KIPIMO

Watu wengi katika nyumba ndogo hukosa hewa, na samaki ni hivyo hivyo. Vifaranga 3 kwa kila mita ya mraba ni kipimo kizuri kwa bwawa lisilo na pampu. Lakini ngege huzaa mapema, hata akiwa na miezi mitatu tu. Bwawa lililoanza na samaki 1,000 huweza kuwa na maelfu, wote wadogo na wote wakivuta pumzi ile ile. Kwa hiyo nunua vifaranga vya kiume peke yao, au ongeza kambale wachache, ambao watakula wanaozaliwa.

Vifaranga wakiletwa katika mfuko, usiwamwage mara moja. Uache mfuko uelee bwawani dakika 15 au 20 mpaka joto la maji liwe sawa, kisha uingize maji ya bwawa kidogo kidogo, nao watoke wenyewe.

Wakulima walio katika nchi ya baridi kama Kinangop wajue kwamba ngege hupenda maji ya joto, nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Maji yakiwa baridi samaki hula kidogo, na chakula cha ziada kitaoza tu. Yawapasa walishe kidogo kuliko mwenzao wa Mwea, na wasitazamie mavuno mapema kama yeye.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Tembelea bwawa kila siku alfajiri, kabla ya kazi nyingine. Saa hiyo ndiyo bwawa husema kweli.

2. Lisha kwa macho yako, si kwa kujaza karai. Kisicholiwa kwa dakika 10 kimezidi.

3. Pima maji kwa mkono mara moja kila wiki, adhuhuri.

4. Siku za mawingu punguza chakula na samadi.

5. Usioshe bomba la dawa karibu na mfereji, wala usiache maji ya josho yateremke bwawani.

6. Samaki wakifa, tazama saa, ukubwa, kambale na rangi ya maji kabla ya kumtazama jirani.

Jirani huyo ndiye utakayemwita na debe lake siku samaki wako watakapotwetea, na mfereji unaokuletea maji huenda unapita katika shamba lake. Ikiwa yeye pia ana bwawa, mwonyeshe kipimo cha mkono.